Kompyuta Yangu Ilivyohudhuria Harusi ya Rasoa

Mkienda kwa dada yangu Rasoa leo, kabla hata chai haijamiminwa kikombeni ataleta albamu ya harusi yake, na nawaomba, kwa heshima zote mlizo nazo kwangu (kama bado zimebaki), mkatae kuiangalia. Semeni mmesahau miwani. Semeni mna haraka. Maana katika ile albamu kuna picha nzuri za bwana harusi Shem na suti yake ya kijivu, na za mama yetu akilia na kucheka kwa pamoja, lakini karibu kila picha ya kanisani ina kijana mwembamba aliyepiga magoti kando ya maharusi, shingo imepinda, mkono wa kulia uko juu ya kitabu cha nyimbo, na uso ni wa mtu anayesokotwa na tumbo. Kijana huyo ni mimi. Kuna wageni ambao huuliza kama siku hiyo waliofunga ndoa walikuwa watatu. Basi acha niwaeleze mwenyewe, kwa sababu mkingoja kuisikia kwa Rasoa ataongeza chumvi, na hii haihitaji chumvi hata kidogo.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa nikiishi Kianda, Kibera ya upande wa Olympic, chumba kimoja cha kupanga, na kazi yangu ilikuwa kupeleka barua za ofisi moja mjini. Rasoa alikuwa Gatina, kule Kawangware, na cherehani yake kwenye veranda ya duka la mtu. Baba yetu alipofariki nilikuwa bado shule ya msingi, na Rasoa ndiye aliyeacha masomo, akaja Nairobi, akajifunza kushona, na kutoka siku hiyo kila sare niliyovaa ilipita chini ya sindano yake. Hakuwahi kunikumbusha. Nilikuwa najikumbusha mwenyewe, kila nikimwona ameinama pale, mguu kwenye pedali, pini mdomoni, anaitikia salamu za watu bila kuinua kichwa. Kwa hivyo Shem, fundi seremala wa hapohapo Gatina, alipomchumbia, mimi nilifurahi kuliko bwana harusi.

Sasa, kompyuta. Ofisini kwetu walileta mashine mpya, na bosi akasema zile kuukuu ziko koridoni, mwenye nguvu za kubeba abebe. Nilibeba. Nilikuwa mtu wa pekee mwenye kompyuta katika ploti yetu, ile safu ya vyumba vya kupanga, na nadhani katika ploti zote za kuzunguka, na sifa nilizopata siwezi kuwaeleza zikaisha. Ilikuwa ya rangi ya jino la mvuta sigara. Ukiiwasha inakuonyesha weusi mtupu na maandishi meupe, unaandika neno moja, unabonyeza, unasubiri, unaweza hata kukoroga uji wakati unasubiri, ndipo madirisha yanafunguka. Printa yake ilikuwa ya sindano, ya zile karatasi ndefu zilizoungana zenye matundu pembeni, na ikichapa unadhani mtu anakwangua ukoko wa ugali kwenye sufuria. Lakini ilichapa! Watu walitoka hata Makina kuja kuchapiwa barua za kuomba kazi na matangazo ya matanga. Mama Brayo, jirani wa mlango wa pili, alikuwa akiniita Daktari wa Kompyuta, na mimi niliitika.

Watu wa kwetu magharibi, mnatujua, hatufanyi jambo bila kamati. Kamati ya harusi ilikutana kila Jumapili baada ya ibada katika karakana ya Shem, tumekalia mbao, mwenyekiti akiwa Mzee Kisia, na kila mkutano ulifunguliwa kwa maombi na kufungwa kwa maombi, na katikati ni mabishano. Bishano kubwa lilikuwa nani ataongea kwanza upande wetu. Mjomba Elam, kaka yake mama, alisema bila baraka za mjomba msichana hajatoka nyumbani. Baba mdogo, aliyesimama mahali pa marehemu baba, akauliza tangu lini watu wa ukoo wa mama wakatangulia. Jambo hili lilikula Jumapili nzima, ikafuata nyingine, mpaka tukasikia kwamba Mjomba Elam amesema akitanguliwa atasimama aende na watu wake wote na zawadi zao. Mwishowe ikapatikana njia: mjomba aanze, kwaya iimbe wimbo mrefu, ndipo baba mdogo, ili asionekane amemfuata mtu bali amefuata wimbo. Na baada yao wakaja shangazi, wazee wa kanisa, jirani, watu wa upande wa Shem, kila mmoja na mahali pake, na kila mahali palikuwa pamepiganiwa.

"Hiyo yote iandikwe kwa programu," akasema Mzee Kisia, "na programu itafanywa na Zablon. Itatoka kwa kompyuta."

Wakanipigia makofi. Mnaweza kucheka leo, lakini wakati huo programu ya harusi iliyotoka kwa kompyuta ilikuwa kitu watu walipeleka nyumbani na kuweka ndani ya Biblia. Na mimi nikaona hiyo ndiyo zawadi yangu. Sikuwa na kabati la kumpa, sikuwa na seti ya masufuria. Nilitaka kila mtu awe na karatasi mkononi, mambo yaende yenyewe, na Rasoa kwa siku moja tu maishani mwake akae kitako, shela usoni, asifanye kazi yoyote. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Tutaona," akakata uzi kwa meno.

Niliandika programu yote, ikakaa tayari ndani ya mashine, ikingoja karatasi ambazo Mzee Kisia alisema atatafuta. Karatasi zikaletwa Ijumaa mchana, harusi ikiwa Jumamosi. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini. Nilichotakiwa kufanya ni kuweka karatasi, kubonyeza, na kuketi nisikilize ule mkwaruzo. Hapo ndipo alipoingia Odhis.

Odhis alikuwa rafiki yangu wa ploti ileile, kijana wa kutoka Kisumu, anafanya kazi ya kufagia mahali walipouza kompyuta, na kwa kufagia huko alikuwa amejiona injinia (mimi ni nani wa kumcheka, mimi niliyeitwa Daktari). Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki umejaa disketi, rundo zima limefungwa na raba.

"Niaje Zabu. Umesikia naintifaivu?"

Nani hakuwa amesikia naintifaivu? Ofisini walikuwa wakiizungumza kama mtoto wa mfalme aliyezaliwa. Ndio ule mfumo mpya wa kompyuta, wa mwaka tisini na tano, unawasha mashine na madirisha yanakuja yenyewe, huandiki neno lolote.

"Ni hii?" nikauliza.

"Ndiyo hii. Imeazimwa tu, Jumatatu narudisha. Tuweke."

Sasa msidhani nilikubali hivihivi. Nilifikiria. Nilisimama mlangoni mwa chumba changu nikafikiria kama mtu mwenye akili zake, nikamwambia Odhis kwamba mashine yangu memori yake ni ndogo, na nafasi ya ndani imebaki kidogo, na kesho ni harusi, na hiyo ya zamani haijanikosea chochote. Hata nikasema tungoje Jumapili. Nawaapia nilisema tungoje Jumapili. Na Mama Brayo, aliyekuwa akifua pale nje na kusikia kila kitu (ploti haina siri), akainua mikono yenye povu akauliza:

"Kwani hiyo uko nayo imekufa?"

"Haijakufa, Mama Brayo."

"Sasa unabadilisha ya nini?"

Nikamwambia, kwa ile sauti ya kidaktari, kwamba hayo ni mambo ya teknolojia. Akarudi kwenye karai lake.

Odhis akaona nayumba, akanimaliza. "Buda, hiyo yako ni ya kuandikia watu wa matanga. Harusi inataka kitu ina maua. Hii iko na herufi za kujikunja, iko na kengele, iko na njiwa. Unaandika Rasoa, inatoka kama imeshonwa."

Kama imeshonwa! Aliyemfundisha maneno hayo sijui ni nani, lakini yalinipata palepale moyoni. Nikaliona jina la dada yangu limeshonwa kwenye karatasi. Sikujiuliza maua yatatokaje kwenye printa ile inayochapa kwa sindano na wino mmoja mweusi, tena umefifia. Nikasema, "Weka."

Tukaanza. Disketi inaingia, mashine inanguruma, inaitisha nyingine, tunatoa, tunaweka, inanguruma, na ilivyokuwa ikizimeza unadhani haitashiba. Watu wa ploti wakajaa mlangoni. Mwishowe mashine ikajizima, ikajiwasha, na kwenye kioo kikatokea kitu ambacho hatukuwahi kukiona: anga la buluu na mawingu meupe. Tulipiga makofi, nami nikainama kidogo, kama mtu aliyeyatengeneza hayo mawingu.

"Mbona inaonyesha mawingu?" akauliza Mama Brayo kutoka nyuma. "Inasema kesho mvua?"

Tukamcheka sana. Kumbukeni hilo.

Nikafungua programu yangu, nikaipamba. Rasoa na Shem kwa herufi za kujikunja, kengele juu, njiwa huku na huku, nikaihifadhi upya vilevile ilivyopambwa. Nikapanga karatasi. Nikabonyeza. Printa ikakohoa, ikaanza kukwangua, na ikatoa mstari mzima wa nyuso ndogo zinazocheka. Nyuso! Halafu mioyo, halafu pembe tatu, halafu nyuso tena, ukurasa baada ya ukurasa, na nikiizuia hainisikii, inaendelea tu kunichekea, mpaka Odhis akang'oa waya ukutani.

"Ni dreva," akasema.

"Dreva gani?"

"Hii mpya haijui hiyo printa yako. Haielewani nayo. Inataka disketi ya dreva, na hiyo sina."

"Basi rudisha ile ya zamani."

Odhis akaangalia viatu vyake. Akasema ya zamani imefutwa, imekaliwa na hii. Akasema pia kwamba amekumbuka anangojwa mahali. Akaenda. Mimi nikabaki na lundo la karatasi zinazocheka.

Jumamosi asubuhi nikavaa suti yangu (Rasoa ndiye aliishona, nani mwingine), nikatia programu kwenye disketi, nikaenda mbio mpaka Kabiro kwa mama mmoja mwenye duka la kuchapa, mwenye kompyuta na printa nzuri. Akaichomeka, akatazama, akatikisa kichwa. Mashine yake ilikuwa bado ya zamani, na faili yangu ilikuwa imeandikwa kwa mambo mapya. Yangu ilikuwa imeendelea, ya watu ilikuwa imebaki, na hawakuweza tena kusomeana.

"Sasa wewe," akasema akicheka, "labda ubebe hiyo kompyuta mzima uende nayo kanisa, wasomee hapo kwa kioo."

Alikuwa anatania. Mtu yeyote mwenye akili angejua anatania. Mimi nilimshukuru.

Nilirudi Kianda nikatafuta mkokoteni. Tukaweka godoro chini, juu tukaweka kile kioo, sanduku lake na vitufe vyake, tukafunika na blanketi, mwenye mkokoteni mbele anavuta, mimi na suti nyuma nasukuma, tukapanda kupitia Olympic, tukavuka Barabara ya Ngong, tukashika njia ya Kawangware. Kama hujawahi kusukuma mkokoteni ukiwa na suti na ua kifuani, hujui watu wa Nairobi wana huruma kiasi gani. "Pole ndugu, landilodi amekutoa?" "Pole sana, na ni asubuhi hivi!" Mwanamke mmoja wa sukumawiki alitaka kunipa ndizi. Mmoja akauliza bibi ameenda wapi. Mimi naitikia tu asante, asante, huku mawingu yanajikusanya juu ya Gatina. Mawingu ya kweli haya.

Kanisa letu lilikuwa la mabati, kuta mabati, paa mabati, na soketi moja tu ya stima, ambayo tangu kanisa lijengwe ilikuwa ya kinanda. Mpiga kinanda aliponiona na waya wangu alitaka kulia. Mzee Kisia akaamua kwamba programu ni ya kamati na kamati iko juu ya kwaya, kinanda kikang'olewa. Nilitaka kuweka kompyuta kwenye Meza ya Bwana, wazee wa kanisa wakanikemea wote kwa pamoja, ikawekwa kwenye benchi kando ya mimbari, kioo kikimtazama Mchungaji. Akina mama wakaitazama, wakaona iko uchi, wakaleta kitambaa cha kufuma, kile cheupe cha kufunika viti, wakaivalisha vizuri, na pindo lake likaning'inia mbele likafunika "Maombi ya Kufungua". Ndiyo maana harusi ya dada yangu ilifunguliwa bila maombi, na kuna wazee waliokwenda kaburini wakilisema hilo.

Hata hivyo ilianza vizuri. Rasoa akaingia. Sitajaribu kuwaeleza alivyokuwa mzuri, gauni alijishonea mwenyewe usiku baada ya kushona ya wasimamizi wote, na macho yake yako chini kama inavyotakiwa, maana kwetu bibi harusi hacheki ovyo wala hasemi, anatulia kama mgeni. Nikafikiri, sawa, pamoja na yote, amekaa kitako.

Mchungaji akasoma kwenye kioo, akaimbisha wimbo, akaanza mahubiri. Mchungaji wetu alikuwa mtu wa mahubiri marefu. Na ile naintifaivu, kumbe, ukiiacha bila kuigusa kwa muda inadhani umeenda, inazima maandishi na kukuletea giza na nyota zinazokuja mbio usoni. Alipogeuka kutafuta kinachofuata akakutana na nyota.

"Imepotea!" akasema kwa sauti ya mimbarini. "Ndugu zangu, imepotea!"

Nikaruka kutoka kwenye benchi letu. Nikikaa wima pale ningemziba bibi harusi, kwa hivyo nikapiga magoti, nikaweka kile kipanya cha kompyuta juu ya kitabu cha nyimbo, nikakisukuma kidogo, na maandishi yakarudi. Mchungaji akashusha pumzi, akaendelea. Nikataka kurudi kwenye kiti. Nyota. Nikasukuma. Nikaelewa kwamba siwezi kuondoka. Basi nikabaki pale magotini, kila baada ya muda nasukuma kipanya kidogo mbele, kidogo nyuma, jasho linanitiririka. Akina mama wa benchi za nyuma, ambao hawakukiona kipanya, waliona kaka wa bibi harusi amepiga magoti, mkono unachezacheza juu ya kitabu. Nikasikia mmoja akisema, "Ameguswa." Mwingine akaanza kulia. Halafu benchi nzima ikawa inalia na kuniombea, na mama yangu mwenyewe alipoona wanalia naye akajiunga, bila kujua ni kwa nini.

Wakati wa kiapo Mchungaji akawaambia maharusi wapige magoti. Wakapiga. Kando yangu. Tukawa watatu tumejipanga mbele ya madhabahu, na mpiga picha, Mungu amsamehe, akapiga picha baada ya picha. Rasoa, bila kuinua macho, akaninong'oneza ndani ya shela: "Zabu, unafanya nini?" Nikamnong'oneza: "Nakusaidia." Shem akakohoa.

Ndipo mvua ya Mama Brayo ikaja. Sherehe ilipangwa uwanjani, chini ya turubai, lakini maji yalimwagika kana kwamba yamelipiwa, ikaamuliwa hotuba zifanyiwe humohumo ndani, watu wakabanana, sufuria za pilau zikaingizwa, mvua inapiga mabati mpaka husikii mwenzako. Mchungaji akainama kwenye kioo, akafungua mdomo amwite mzungumzaji wa kwanza, na stima ikapotea. Kioo kikafanya nukta moja nyeupe katikati, ikawa ndogo, ikawa ndogo zaidi, ikaisha.

Mchungaji alikuwa ameiona orodha ile mara moja tu, kwa mbali, chini ya kitambaa. Akanitazama. Mimi niliyeiandika nikafungua kichwa changu nikakuta mna nyuso ndogo zinazocheka. Mzee Kisia akafunga macho, labda anaomba. Na upande wa kulia nikamwona baba mdogo ameanza kusimama, anarekebisha koti, na upande wa kushoto Mjomba Elam amemwona, ameweka mkono kwenye mwavuli wake, na watu wake wote nyuma yake wanatafuta miavuli yao. Nilikuwa bado nimepiga magoti, nimeshika kipanya cha kompyuta iliyokufa.

Rasoa akafunua shela.

Kanisa lote liliona. Akasimama na gauni lake, akageukia watu, akapaza sauti juu ya mvua, sauti ileile ya kuitana sokoni:

"Baba mdogo, kaa kidogo. Mjomba Elam, njoo utubariki."

Bibi harusi anasema! Shangazi mmoja akaziba mdomo kwa leso. Baba mdogo akakaa, nadhani kwa mshtuko tu. Mjomba akaacha mwavuli, akaja, akabariki. Rasoa akasema, "Kwaya," na kwaya ikaimba, bila kinanda, wimbo wa nyumbani ambao hauhitaji kinanda, mvua ikawa ndiyo ngoma yake, na hata upande wa Shem wakaudaka. "Sasa baba mdogo." Akaja na tabasamu. Aliwaita wote hivyo, shangazi, wazee, jirani, mmoja mmoja, kila mtu mahali pake. Alikuwa akiyajua yote kichwani. Jumapili zile zote, tulipokuwa tunabishana juu ya mbao, yeye alikuwa pembeni anapika chai ya kamati, anasikiliza.

Mwisho akanitazama mimi. "Na wewe Zablon, simama. Umepiga magoti ya kutosha."

Wakacheka kanisa zima, mpaka Mchungaji. Nikasimama, magoti yameingia vumbi, nikacheka nao, kisha nikageukia ukuta, maana machozi yalikuwa yananitoka na hayakuwa ya kicheko. Kitu kimoja tu nilitaka kumpa, siku moja ya kukaa kitako, na hata hiyo nilimfanya aifanyie kazi.

Hapo ningeweza kumaliza, na ningebaki na heshima kidogo. Lakini picha zikatoka. Nilienda Gatina Jumapili moja, Rasoa amekaa kwenye veranda ya karakana ya Shem, alikohamishia kazi, na ile albamu mpya juu ya cherehani, anazifungua taratibu, anaangalia, ananionyesha, tunacheka. Akafika kwenye ile ya sisi watatu. Akaisogeza karibu na macho. Akaweka kidole kwenye mfuko wa koti langu, ule mfuko alioushona mwenyewe.

"Zabu. Hizi ni nini?"

"Wapi?"

"Hapa mfukoni."

Nikaangalia. "Ni kalamu."

"Mbili."

"Ya buluu na nyekundu. Za kazini."

"Zilikuwa zinaandika?"

Nikaona Ijumaa nzima ikipita mbele yangu, programu inang'aa kwenye kioo herufi kwa herufi, karatasi za Mzee Kisia lundo zima, migongo yake haina hata wino, na mimi nimekaa katikati na kalamu mbili kifuani nikilia dreva. Nikaona mkokoteni. Nikaona ndizi ya yule mama.

"Zilikuwa zinaandika," nikasema.

Rasoa alicheka mpaka akashikilia cherehani isianguke. Alicheka mpaka Shem akatoka karakana na randa mkononi kuuliza kuna nini, naye akaonyeshwa, naye akaketi chini palepale kwenye vumbi la mbao. Sikuwahi kumwona dada yangu akicheka hivyo, mikono imelala mapajani, mguu umetoka kwenye pedali, hafanyi chochote. Alikaa hivyo karibu alasiri nzima.

Kwa hivyo hata leo simu yangu ikiniambia kuna mfumo mpya, niuweke sasa au baadaye, mimi hubonyeza baadaye, tena hubonyeza baadaye mpaka simu yenyewe inakufa. Na kwenye harusi za watoto wa Rasoa, programu nimeziandika kwa mkono wangu, moja moja. Yeye hukaa mbele, na nikipita hunyoosha kidole kwenye mfuko wa koti langu, kuhakikisha ziko mbili.